SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: KUPIMA NA KUKADIRIA NGUVU YA JUA KABLA YA KUNUNUA MITAMBO YAKE

Madhumuni ya somo

Vyama vingi vya msingi vimekwisha kuanza kutumia umeme wa jua, na vingine viko mbioni kuamua. Kimoja chataka taa na mizani ya umeme katika ghala lake. Kingine chataka pampu ya kupandisha maji hadi kwenye kinu cha kumenyea kahawa. Kingine chataka kupoza maziwa ya wanachama. Katika kila uamuzi wa namna hii fedha zinazotumika ni za wanachama. Ama hutoka katika akiba ya chama, ama hukopwa na kulipwa kwa makato ya mazao kwa misimu kadhaa.

Kwa kawaida Bodi huuliza bei ya mtambo, muda wa dhamana na jina la fundi. Swali ambalo huulizwa mara chache ni hili: mahali hapa, katika mwezi ule ambao kazi ni nyingi, jua hutoa nguvu kiasi gani? Pasipo jibu la swali hilo, bei haiwezi kuitwa rahisi wala ghali, kwa maana haijulikani kama mtambo utatosha.

Somo hili limeandikwa ili Katibu na wanachama waelewe jinsi nguvu ya jua inavyopimwa, jinsi inavyokadiriwa mahali pasipo chombo, na jinsi takwimu hizo zinavyoingizwa katika mpango wa chama. Hesabu zilizomo ni za kujumlisha, kuzidisha na kugawanya tu.

1. Nguvu ya jua hupimwa kama mazao

Watu wamezoea kusema kwamba nchi za joto zina jua jingi na la bure. Ni kweli kwamba jua halilipiwi ushuru, lakini si kweli kwamba halina kiasi. Kama vile kahawa hupimwa kwa kilo na maziwa kwa lita, nguvu ya jua nayo ina kipimo chake.

Nguvu inayotoka kwenye jua na kufika duniani huitwa mnururisho wa jua. Juu kabisa, nje ya tabaka la hewa, mita moja ya mraba iliyoelekezwa kwenye jua hupokea wastani wa wati 1,361. Hewa, mvuke, vumbi na mawingu hupunguza kiasi hicho. Adhuhuri ya siku isiyo na mawingu, ardhi iliyo karibu na Ikweta hupokea takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Asubuhi na jioni kiasi hushuka, na wingu zito likitanda huweza kushuka hadi chini ya wati 200.

Kwa ajili ya mipango, kinachotakiwa si nguvu ya dakika moja bali jumla ya kutwa nzima. Jumla hiyo huandikwa kwa kilowati-saa kwa kila mita ya mraba kwa siku. Iwapo mahali fulani hupokea kilowati-saa 5 kwa mita ya mraba kwa siku, ni sawasawa na kusema kwamba pamepata saa 5 za jua kamili, yaani saa 5 za wati 1,000 bila kupungua, hata kama jua lenyewe lilionekana kwa muda mrefu zaidi likiwa dhaifu. Yafaa neno hili, saa za jua kamili, likaririwe, kwa maana ndilo linalounganisha hali ya hewa na mtambo: bamba la umemejua lililoandikwa wati 300 hupimwa kiwandani chini ya nguvu ya wati 1,000 kwa mita ya mraba.

Yapasa pia kutofautisha aina mbili za mnururisho. Ipo mionzi inayofika moja kwa moja kutoka kwenye jua, ambayo ndiyo hufanya kivuli kikali. Na upo mwanga uliotawanywa na hewa na mawingu, unaotoka pande zote za mbingu na usiofanya kivuli. Bamba la umemejua hutumia aina zote mbili, na kwa hiyo hutoa umeme kidogo hata siku ya mawingu. Jumla ya aina hizo mbili juu ya ardhi iliyo sawa ndiyo inayotajwa katika takwimu nyingi.

2. Kwa nini miezi haifanani

Sababu ya kwanza ni mahali jua lilipo mbinguni. Mji wa Moshi, kwa mfano, uko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 3 na theluthi moja hivi. Hesabu za mwendo wa dunia huonyesha kwamba, lau kama pasingekuwapo hewa wala mawingu, mita moja ya mraba iliyo sawa hapo ingepokea takriban kilowati-saa 10.6 kwa siku katikati ya Februari, na kilowati-saa 9.1 katikati ya Julai. Tofauti hiyo ni sehemu 1 tu katika 7. Kwa watu walio karibu na Ikweta, basi, mwendo wa jua hauleti mabadiliko makubwa.

Sababu ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni mawingu. Katika miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, Februari ni mwezi mkavu wa jua kali. Baada ya mvua za masika huja kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo upepo wa kusi huleta unyevu, na mawingu hukaa juu ya mashamba ya kahawa na migomba kutwa nzima. Mkulima anayeishi huko hahitaji kuambiwa hilo, kwa kuwa huvaa sweta na huona jinsi nguo zinavyochelewa kukauka. Lakini ni katika mwezi wa Julai ndipo uvunaji wa kahawa huanza kwa kawaida, kinu huanza kufanya kazi, na kahawa ya maganda huanza kuanikwa juu ya vichanja. Yaani chama huhitaji maji na jua kwa wingi katika wakati ule ule ambapo jua ni haba. Chini mlimani, kwenye tambarare kavu zisizo mbali, hali huwa nyingine kabisa.

Kutokana na hayo, wastani wa mwaka mzima haufai kutumiwa peke yake katika kupanga mtambo. Wastani huichanganya Februari na Julai, lakini kinu hakimenyi kahawa ya Julai kwa jua la Februari.

3. Vyombo vya kupimia

Chombo kikuu cha kupimia jumla ya mnururisho huitwa piranometa. Ndani yake kuna kibamba cheusi chenye kufyonza joto, kilichofunikwa kwa kuba la kioo. Kibamba kikipata joto kuliko sehemu ya chini ya chombo, tofauti hiyo huzalisha umeme kidogo sana, na kipimo cha umeme huo hugeuzwa kuwa wati kwa mita ya mraba. Zipo piranometa nyingine za bei nafuu zinazotumia kipande cha silikoni, kitu kile kile kinachotumika katika mabamba ya umemejua. Kwa kupima mionzi ya moja kwa moja peke yake kuna piriheliometa, ambayo ni bomba linalogeuzwa kulifuata jua tangu asubuhi hadi jioni.

Chombo hiki kinataka uangalizi. Hapana budi kiwekwe mahali pasipofikiwa na kivuli cha mti, paa au mlingoti. Hapana budi kilazwe sawa kwa kutumia pimamaji. Kuba lake lifutwe vumbi, umande na kinyesi cha ndege kila siku, na chombo chenyewe kilinganishwe kila baada ya muda na kingine kinachoaminika. Piranometa iliyosahauliwa juu ya paa huandika takwimu kila siku, lakini takwimu hizo hupotosha.

Chombo cha pili, cha zamani zaidi na kilichoenea katika vituo vya hali ya hewa, ni kile cha Campbell na Stokes. Mwaka 1853, John Francis Campbell alibuni njia ya kutumia tufe la kioo kuunguza alama ya mwendo wa jua. Mwaka 1879, George Gabriel Stokes aliiboresha kwa kuweka kadi nyuma ya tufe. Jua likiwaka, tufe hukusanya mionzi yake na kuunguza mstari kwenye kadi. Wingu likipita, mstari hukatika. Jioni kadi hutolewa na urefu wa mstari hupimwa. Chombo hiki hakipimi nguvu ya jua. Hupima muda ambao jua lilionekana. Kwa mujibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, jua huhesabiwa kuwa limewaka pale mionzi ya moja kwa moja inapozidi wati 120 kwa mita ya mraba.

4. Kukadiria pasipo piranometa

Vituo vyenye piranometa ni vichache, na vyenye kumbukumbu za saa za jua ni vingi kuliko hivyo. Kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta njia ya kutoka kwenye saa za jua hadi kwenye nguvu ya jua. Mwaka 1924, Anders Ångström wa Uswidi alitoa kanuni yake, na mwaka 1940 J. A. Prescott wa Australia aliirekebisha ikawa katika sura inayotumika hadi leo.

Kanuni hiyo husema hivi. Siku yenye mawingu matupu, sehemu fulani tu ya mnururisho wa juu ya hewa hufika ardhini. Siku isiyo na wingu hata moja, sehemu kubwa zaidi hufika. Siku zilizo katikati hupata kiasi cha katikati, kulingana na saa ambazo jua lilionekana. Mahali ambapo hakujafanyika uchunguzi maalumu, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika kitabu chake namba 56 cha mwaka 1998 kuhusu mahitaji ya maji ya mazao, lilishauri kutumia sehemu 0.25 kwa siku ya mawingu matupu na kuongeza sehemu 0.50 kwa siku ya jua tupu. Basi hatua ni hizi:

Kwanza, wastani wa saa za jua kwa siku hugawanywa kwa urefu wa mchana.
Pili, jibu huzidishwa kwa 0.50.
Tatu, huongezwa 0.25.
Nne, jibu huzidishwa kwa mnururisho wa juu ya hewa wa mahali hapo na mwezi huo.

Na ichukuliwe mfano wa chama cha kahawa kilicho kwenye latitudo ya Moshi, upande wa miteremko. Saa za jua zilizotajwa hapa ni za kufundishia tu. Kila chama kitafute zake.

Februari: saa za jua 8.5, urefu wa mchana saa 12.1. 8.5 ukigawanya kwa 12.1 hupatikana 0.70. Nusu yake ni 0.35. Ukiongeza 0.25 hupatikana 0.60. Ukizidisha kwa 10.6 hupatikana kilowati-saa 6.4.

Julai: saa za jua 4, urefu wa mchana saa 11.8. 4 ukigawanya kwa 11.8 hupatikana 0.34. Nusu yake ni 0.17. Ukiongeza 0.25 hupatikana 0.42. Ukizidisha kwa 9.1 hupatikana kilowati-saa 3.8.

Juu ya hewa tofauti ya miezi hii miwili ilikuwa sehemu 1 katika 7. Ardhini Julai imepungukiwa na sehemu 2 katika 5 za jua la Februari. Tofauti hiyo iliyoongezeka ni kazi ya mawingu.

Mahali pasipo hata kumbukumbu za saa za jua, ipo kanuni ya Hargreaves inayotumia joto. Mchana wa mawingu huwa baridi kidogo na usiku wake huwa na joto kidogo. Siku ya anga safi mchana huwa na joto na usiku huwa baridi. Kwa hiyo tofauti kati ya joto la juu na la chini kwa siku hudokeza hali ya mawingu. Kanuni hii haina usahihi wa ile ya kwanza, hasa pwani ambako bahari huizuia joto kupanda na kushuka.

5. Takwimu za setilaiti

Setilaiti za hali ya hewa, kama zile za Meteosat ambazo ya kwanza yake ilirushwa mwaka 1977, hupiga picha za mawingu ya Afrika mchana kutwa. Kutokana na weupe wa mawingu hayo, wataalamu hukadiria mnururisho unaofika ardhini. Leo takwimu hizo hupatikana bila malipo katika intaneti. Miongoni mwa hazina zinazojulikana ni POWER ya shirika la anga la Marekani, NASA. PVGIS ya Tume ya Ulaya. Na atlasi ya jua ya dunia iliyotolewa na Kundi la Benki ya Dunia mwaka 2017. Katibu mwenye simu ya kisasa aweza kutafuta mahali pa chama chake na kupata makadirio ya mwezi kwa mwezi.

Msaada huu ni mkubwa, ila una mipaka yake. Takwimu za jua za POWER hutolewa kwa miraba ya digrii 1 kwa digrii 1, yaani kilometa 111 hivi kila upande. Mraba wa ukubwa huo waweza kuchukua kwa pamoja kilele cha Kibo, mashamba ya kahawa yenye ukungu, mji wa Moshi na tambarare kavu za Taveta nchini Kenya. Jibu linalotolewa ni la wote kwa jumla, wala si la mmoja wao. Hazina nyingine hutumia vipande vidogo zaidi, na kwa sehemu za milimani afadhali hizo zitumike. Hata hivyo wingu linaloning'inia juu ya bonde moja tu laweza kutoonekana vyema. Kwa hiyo inafaa makadirio ya setilaiti yalinganishwe na yale ya kituo cha karibu cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, na pia na macho ya wanachama wenyewe.

6. Daftari la jua la chama

Chama kisicho na chombo chochote chaweza kuanza kesho asubuhi kuweka kumbukumbu zake. Gharama yake ni daftari, kalamu na kijiti kilichosimikwa mahali peupe.

Mtu aliyeteuliwa, kama vile mlinzi wa ghala au mpimaji, atatazama kijiti kila saa, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, jumla mara 12. Kijiti kikiwa na kivuli kinachoonekana wazi, ataandika 1. Kivuli kikiwa hakionekani, ataandika 0. Jioni atajumlisha. Mwisho wa mwezi Katibu atajumlisha siku zote na kugawanya kwa idadi ya siku. Iwapo Julai nzima imepata alama 124 kwa siku 31, wastani ni saa 4 za jua kwa siku. Iwapo Februari ya siku 28 imepata alama 238, wastani ni saa 8.5.

Kazi hii inataka uaminifu kuliko elimu. Alama isiandikwe kwa kukisia baada ya saa kupita. Siku iliyosahauliwa iachwe wazi, isijazwe, na isiingizwe katika mgawanyo. Daftari la mwaka mmoja halitoshi kuwa hukumu ya mwisho, kwa maana upo mwaka wa mawingu mengi na upo mwaka mkavu. Lakini likilinganishwa na takwimu za miaka mingi za setilaiti au za kituo, litaonyesha kama bonde la chama lina mawingu kuliko majirani. Aidha, daftari hilo hilo litakifaa chama katika kupanga idadi ya vichanja, kwa kuwa kahawa hukawia kukauka katika miezi ile ile ambayo mabamba huzalisha kidogo.

7. Kutoka kwenye jua hadi kwenye mtambo

Chama cha mfano huu kinahitaji lita 20,000 za maji kwa siku wakati wa kumenya kahawa. Fundi amepima kina na mwinuko, akakadiria kwamba kila lita 1,000 zitahitaji umeme wa kilowati-saa 0.2. Kwa hiyo mahitaji ya siku ni kilowati-saa 4.

Umeme utakaopatikana ni ukubwa wa mabamba, mara saa za jua kamili, mara 0.75. Robo iliyoondolewa hupotea kwa sababu ya vumbi, nyaya, vifaa vya kuongozea pampu na joto, kwani mabamba ya silikoni hupoteza takriban sehemu 4 katika 1,000 za nguvu yake kwa kila digrii moja ya joto inayozidi digrii 25.

Sasa na zilinganishwe njia tatu za kupanga, kwa mabamba ya wati 300.

Njia ya kwanza hutumia jua la Februari, saa 6.4. Mabamba 3 yanatosha: hutoa kilowati-saa 4.3, yaani lita 21,600. Mtambo ukijaribiwa mwezi huo mbele ya Bodi, maji yatafurika na wote watapiga makofi. Julai mabamba hayo hayo yatatoa kilowati-saa 2.6, yaani lita 12,800 tu.

Njia ya pili hutumia wastani wa mwaka. Katika mfano huu ni saa 5.2. Mabamba 4 yanaonekana kutosha kabisa. Julai yatatoa kilowati-saa 3.4, yaani lita 17,100. Kila siku chama kitapungukiwa na lita 2,900.

Njia ya tatu hutumia jua la Julai, saa 3.8. Hapo hutakiwa mabamba 5, nayo hutoa kilowati-saa 4.3, yaani lita 21,400.

Tofauti kati ya njia ya kwanza na ya tatu ni mabamba 2. Tofauti kati ya matokeo yake ni kahawa iliyomenywa siku ile ile na kahawa iliyolala na maganda yake hadi ikachacha na kushushwa daraja. Hasara hiyo haimwangukii muuzaji wa mtambo. Humwangukia mwanachama siku ya malipo, huku makato ya mkopo yakiendelea.

Baadhi ya wauzaji hujibu kwamba upungufu utazibwa kwa tangi kubwa au betri nyingi. Yafaa ieleweke wazi kwamba tangi huhifadhi maji, haliyazalishi. Na betri huhifadhi umeme, haiuzalishi. Vitu hivyo husaidia pale siku moja ya mawingu inapofuatwa na siku mbili za jua. Havisaidii pale ambapo kila siku ya mwezi ina upungufu, kwa kuwa hakuna ziada ya kuhifadhi.

Lakini pia si sahihi kusema kwamba kila mtambo upangwe kwa mwezi wenye jua haba kuliko yote. Chama kinachotaka kumwagilia mboga Januari na Februari pekee kitapoteza fedha kikinunua mabamba ya kutosheleza Julai. Kanuni iliyo sahihi ni kugawanya mahitaji ya kila mwezi kwa jua la mwezi huo, na kupanga kwa mwezi wenye jibu kubwa kuliko yote. Katika mfano huu, Julai ni 4 kugawanya kwa 3.8, yaani 1.05. Oktoba, ikiwa na mahitaji yale yale na saa 5.5 za jua, ni 0.73. Februari, ambapo hakuna kahawa na mahitaji ni kilowati-saa 1 tu, ni 0.16. Mwezi wa kupangia ni Julai.

Jambo moja zaidi hupuuzwa mara kwa mara, nalo ni mwelekeo wa mabamba. Kwa vyama vilivyo kusini ya Ikweta, jua la Juni na Julai hupita upande wa kaskazini. Mabamba yaliyoinamishwa kiasi kuelekea kaskazini, kwa nyuzi 10 hadi 15, hupata nafuu katika miezi hiyo, na mvua huyaosha vumbi. Nafuu hiyo si kubwa siku za mawingu mazito, kwa kuwa mwanga uliotawanyika hutoka pande zote.

8. Kabla ya kutia sahihi

Mkutano mkuu unapoletewa pendekezo la kununua mtambo wa jua, wanachama wana haki ya kupata majibu ya maswali haya kwa maandishi:

(a) Hesabu ya mtambo imefanywa kwa mwezi gani, na kwa saa ngapi za jua kamili?
(b) Takwimu hizo zimetoka wapi: piranometa, saa za jua za kituo, au setilaiti? Ni za miaka mingapi?
(c) Kituo hicho au mraba huo una mwinuko na hali ya hewa kama ya chama?
(d) Upotevu umekadiriwa kuwa sehemu gani?
(e) Katika mwezi wa kazi nyingi, mtambo utatoa lita au kilowati-saa ngapi kwa siku, na mkataba unasema nini usipofikia kiasi hicho?

Muuzaji anayeijua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Na ikiwezekana, malipo ya mwisho yafanyike baada ya mtambo kujaribiwa katika mwezi wa kupangia, wala si baada ya majaribio ya kiangazi.

Maswali ya kujadiliwa na wanachama

1. Ni mwezi upi ambao chama chenu huhitaji maji au umeme kuliko miezi mingine? Je, ndio mwezi wenye jua jingi?
2. Mahali fulani kwenye latitudo ya Moshi pamepata wastani wa saa 6 za jua kwa siku mwezi Julai. Kadirieni mnururisho wake. (Jibu: takriban kilowati-saa 4.6.)
3. Kwa jibu hilo, mabamba 4 ya wati 300 yatatoa lita ngapi kwa pampu iliyoelezwa katika sehemu ya 7? (Jibu: takriban lita 20,700.)
4. Nani katika chama chenu ataweka daftari la jua, na nani atalikagua kila mwisho wa mwezi?